Kina Alichoombewa Delfo

Siku Delfo alipokosea kitenzi mezani, mkewe Fosca alicheka. Jambo lenyewe lilianza hivyo, kwa kicheko, na kicheko hicho Fosca hakuja kujisamehe.

Walikuwa wanakula supu ya kabichi na mkate mkavu. Delfo alikuwa anamsimulia habari za kondoo wa jirani walioingia kwenye ngano. Akataka kusema kwamba kondoo wanakula, mangiano. Kwa lugha yao neno hilo lina silabi tatu, man-gia-no, na mkazo unakaa kwenye ile ya kwanza. Delfo akauteremsha hadi ya pili.

"Ebo! Leo umekuwa Mjerumani?" Fosca alimwambia huku akicheka.

"Mjerumani nani?"

"Wewe hapo. Haya sema tena, kondoo wanafanya nini?"

Delfo akasema tena, akakosea vilevile, na usoni mwake hapakuwa na mzaha hata chembe. Fosca akaweka kijiko chini. Supu ilimshinda.

Sisi tulionyonya Kiswahili hatushtuki upesi kwa jambo kama hili. Mkazo wetu una adabu zake: silabi ya pili kutoka mwisho, basi, iwe harusini iwe matangani. Kitenzi cha Kiitaliano ni mbuzi asiyefungwa kamba. Cantare, kuimba, mkazo uko palepale tunapopajua. Cantano, wanaimba, umerukia mwanzo. Canterò, nitaimba, umekwenda kukaa mwisho kabisa, mlangoni. Na watu wakipigiana simu, telefonano, unarudi nyuma mpaka mgeni anashikwa na kizunguzungu. Mimi mwenyewe ulinitesa miaka. Lakini mtoto wa huko hafundishwi hayo, anayapata na maziwa ya mama. Mzee wa huko akianza kuyakosea, ujue kuna kitu kimevunjika ndani. Na Delfo hakuwa mzee wa hivihivi. Alikuwa malenga.

Kwenye vilima vya Maremma, huko kwao Italia, wachungaji na wakulima wana malumbano yao. Malenga wawili wanapanda juu ya meza au tela, watu wanawatupia mada, kila mmoja anashika upande wake na kuimba ubeti wa mishororo minane, mizani kumi na moja kila mshororo, papo kwa papo, kichwani tu. Tena kuna sheria isiyovunjwa: kina unachomalizia wewe ndicho anachoanzia mwenzio. Kwa hiyo kila ubeti una mtego mkiani. Ukimwachia mwenzio kina kigumu unamheshimu, unamwambia nakujua wewe, utatoka. Ukimwachia chepesi mbele za watu, umemfuta kamasi kama mtoto.

Na kina chepesi kupita vyote ni kile cha are. Vitenzi vyao vikitajwa kwa majina yake tu, kuimba, kutembea, kufanya kazi, vingi vinaishia hapo, na vyote mkazo wake uko mahali pamoja. Viko tele kama kokoto mtoni, mtu anaokota tu. Ndicho kina wanachompa mtoto wa komunyo ya kwanza akitaka kujaribu mbele ya shangazi zake.

Fosca aliyajua haya yote tangu utoto, ingawa shule alifika darasa la tatu tu. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mkali wa kutoka mjini, na aliwapigisha makofi kila silabi. Re-sta-no, wanabaki! Ile s msiitenge na mwenzake wa mbele, nyie kondoo! Anayekosea alirudia mpaka viganja vinawaka. Kisha Fosca akatolewa shule, akapewa ndoo ya kukamulia, na makofi yale yakahamia vidoleni. Alipokanda unga alihesabu, alipokamua alihesabu, na padri akihubiri alihesabu pia, mpaka mama yake akawa anambana vidole kanisani.

Delfo alimpata kwa vidole hivyohivyo. Alikuwa kijana juu ya meza, kofia kisogoni, anaimba na kujisikia. Fosca alikuwa chini na wasichana wenzake, anagonga vidole kwenye aproni. Mshororo mmoja ukapungua mzani. Fosca akainua juu kile kidole kilichobaki, akakiacha hapohapo.

Delfo aliposhuka alimfuata moja kwa moja. "Wewe binti, ulikuwa unanihesabu?"

"Nilikuwa nangoja umalize deni. Kidole kimeanza kuniuma."

Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Majira ya baridi yaliyofuata wakaoana.

Tangu hapo mazoezi yao yalikuwa asubuhi, wakati wa kukamua. Delfo aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa kondoo na kuimba, Fosca akapiga silabi kwa kucha kwenye ndoo yake. Mshororo ukipungua au ukizidi, alinyamaza. Na akisikia kitenzi kimevutwa mkia, alipiga ndoo kofi moja la nguvu, kondoo wakaruka. Kuvuta kitenzi mkia ndiyo aibu ya malenga wanaoanza. Unatafuta kina cha ano, kama grano, ngano, hukipati, unakumbuka kwamba vitenzi vya "wanafanya hivi, wanafanya vile" navyo vinaishia ano, basi unachukua kimoja na kuuburuta mkazo wake nyuma hadi ufanane. Sikio la watu wa kule halikubali. Ni kama kumvalisha mtu viatu vya mtu mwingine halafu ukamwambia acheze ngoma.

Walizaa binti mmoja, Loriana, aliyekwenda kufanya kazi mjini Grosseto. Aliyemshika ubatizoni alikuwa Quintilio, mkulima wa mizabibu, hasimu wa Delfo jukwaani na rafiki yake kila mahali pengine. Wawili hao walilumbana tangu nywele nyeusi hadi mvi, na kila mmoja alimwachia mwenzake vina vya kikatili kwa upendo.

Daktari aliyempima Delfo alisema ni mishipa midogo ya kichwani, inaziba mmoja mmoja. Itakwenda polepole, alisema, kana kwamba hiyo ni habari njema.

"Mama, Baba asipande tena jukwaani," Loriana alisema kwenye simu. "Watu watamcheka."

"Mwambie wewe basi, mwanangu."

"Aa, mimi siwezi."

"Ndiyo hivyo. Na mimi siwezi."

Delfo mwenyewe alijua. Asubuhi moja aliacha kukamua, akasema bila kugeuka, "Maneno yananikimbia, Fosca. Kama kuku wamemwona mbweha. Lakini sikukuu hii ya Mei nitapanda. Hii tu. Nataka nishuke mwenyewe. Sitaki kushushwa."

"Utashuka mwenyewe," Fosca alimwambia.

Alisema kweli, alikusudia kweli. Ila woga ni mshauri mbaya, na Fosca alikuwa na woga mwingi. Usiku na mchana alisikia masikioni kicheko cha uwanja mzima. Jumamosi moja Delfo alipolala baada ya chakula cha mchana, alipanda kilima hadi kwenye mizabibu ya Quintilio.

Quintilio alikuwa anafunga matawi kwa vijiti laini vya mti wa kando ya mto. Alisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Nimwachie Delfo are? Delfo? Bora uniambie nimpige kofi."

"Yeye hatajua. Atadhani umechoka."

"Hatajua!" Quintilio aliguna. "Yule akisikia mbwa anabweka anajua mizani ilipopungua."

"Alikuwa anajua, shemeji. Alikuwa." Hapo machozi yakamtoka Fosca, yakamtoka kama ya mtoto, na Quintilio hakujua aangalie wapi. "Akikwama pale juu, watu wakimtazama, atakufa. Nami nitakufa naye. Nakuomba. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Quintilio alifunga tawi moja, akalifungua, akalifunga tena. "Sikiliza. Sitamwachia bure. Nitakutazama wewe. Ukiona amezama, unatikisa kichwa. Usipotikisa, nalumbana naye kama siku zote."

"Mungu akubariki."

"Mungu mwache kwanza," Quintilio alisema.

Sikukuu ikafika. Uwanja ulijaa, watu wanamenya maharage mapana mabichi na kuyala na jibini ya kondoo, divai inazunguka, watoto chini ya meza. Malenga wawili wakapanda tela. Fosca alikaa mbele kabisa, mikono juu ya aproni. Muuza nyama akapaza sauti, "Punda na trekta!" na watu wakashangilia. Delfo akapewa punda.

Alianza vizuri, jamani! Punda hanywi dizeli, aliimba, na akifa nyumba nzima inalia. Nani amewahi kumlilia trekta? Watu wakapiga meza. Vidole vya Fosca vilikwenda kumi na moja, kumi na moja, bila kukosa. Quintilio akajibu, trekta lake likalima kilima kizima kabla punda hajamaliza kupiga miayo, na akafunga ubeti kwa ngano, grano.

Delfo akakidaka. Mshororo wa kwanza, ngano. Wa tatu, mkono, mano. Wa tano akataka kusema punda wanafanya kazi, lavorano, neno ambalo mkazo wake uko kwenye vo, la-VO-ra-no, kila mtu anajua. Delfo akavuta mkia. Lavo-RA-no, aliimba, kwa sauti kubwa, tena kwa madaha.

Kidole cha Fosca kilisimama hewani.

"Oyaa, mzee kamvuta mkia!" kijana mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. Uwanja ukacheka.

Delfo alitazama huku na huku. Kisha, Mungu ni shahidi, na yeye akacheka. Akakuna shingo, akasema, "Punda huyo, bwana, ukimvuta mkia anakwenda!" Watu wakacheka zaidi, safari hii pamoja naye. Akamalizia ubeti wake mshororo kwa mshororo, na mwisho wake akamwachia Quintilio kina cha ukungu, nebbia, kina ambacho ukishasema ukungu na ukasema kupura nafaka, umebaki unatafuta mlango wa kutokea. Watu wakapiga miguu chini. Quintilio alitokwa na jasho. Alitoka, lakini kwa shida, na alipokuwa anazunguka kuutafuta mwisho wa ubeti, macho yake yalimwangalia Fosca.

Mtu mwingine angeona kwamba Delfo amezama na ameibuka mwenyewe. Fosca hakuona hivyo. Masikio yake yalikuwa bado yamejaa kile kicheko cha kwanza. Alitikisa kichwa.

Quintilio alifumba macho kidogo. Kisha akaimba kwamba trekta lina huruma, linamwambia punda mzee sasa ni zamu yake kupumzika, riposare. Are.

Delfo hakuanza mara moja. Alimtazama Quintilio. Halafu akateremsha macho taratibu mpaka kwa Fosca, akamtazama kwa muda, na Fosca akamtabasamia ili kumpa moyo. Ndipo Delfo akaimba. Kuvuta, kulia kipunda, kungoja: are, are, are, silabi zote mahali pake, ubeti safi usio na doa. Watu wakasimama kupiga makofi. Fosca alilia kwa furaha, akamkumbatia jirani yake hadi maharage yakamwagika. Delfo alivua kofia, akawasalimu watu, akashuka ngazi ya tela. Quintilio alimpa mkono ashikilie. Hakuushika.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua bado liko juu. Walipofika kwenye lango Delfo akauliza, "Ulimwendea lini?"

"Kumwendea nani?"

"Fosca."

Fosca akainamia komeo la lango.

"Nimelumbana na Quintilio maisha yangu yote. Hajawahi kuniachia are, hata mwaka ule nina homa. Leo ananiachia, tena baada ya kukutazama wewe. Mimi kichwa kinaoza, macho bado."

"Nilitaka usiaibike, mume wangu. Walianza kukucheka."

"Wakanicheka, nikacheka nao! Ile ni aibu ya malenga, inaliwa na maharage, inakwisha. Nilikuwa nimetoka. Nilikuwa nimemwachia nebbia yule, umeona alivyotoka jasho?" Sauti ilimpasuka. "Nilikuwa nimetoka, Fosca."

"Nisamehe. Niliogopa."

"Dunia nzima ikinihesabia vibaya, sawa. Nilijua kuna mmoja anayenihesabu sawasawa. Kumbe na wewe ulishanifuta."

Akaingia ndani kuvua viatu. Hakupiga kelele tena, wala hakumtukana, na Fosca alitamani angemtukana.

Delfo hakuimba tena. Asubuhi walikamua kimyakimya. Mara moja Fosca alijaribu kugonga ndoo kwa kucha, mizani kumi na moja, polepole, kama anayebisha hodi. "Utamwaga maziwa," Delfo alisema, akahamia kwa kondoo mwingine. Quintilio alikuja Jumapili, akanywa divai, wakazungumza mvua. Jumapili nyingine hakuja.

Kisha ugonjwa ukaendelea na kazi yake. Vitenzi vya kesho vilimtoka kwanza, vya jana vikafuata. Wakauza kondoo. Siku nyingi yalimbaki majina matupu ya mambo: kula, kulala, kutembea. Mangiare, alisema, akinyoosha sahani, na Fosca kila alipoisikia ile are alihisi kama anachomwa kwa sindano, ingawa alijua mgonjwa hana kisasi. Siku nyingine sentensi nzima ilimjia bila kutarajiwa, ya adabu, kama anazungumza na watu wa benki. Kisha akaanza kumwita Fosca mama, kwa heshima, jinsi unavyomwita mwanamke usiyemfahamu.

Mchana mmoja wa Machi walikuwa jikoni wawili tu. Fosca alikuwa amemlisha nusu ya supu. Alikuwa ameomba msamaha kwa maneno ya kawaida mara nyingi mno, na maneno ya kawaida hayakuwa na mahali pa kushika kwa Delfo. Kwa hiyo akafuta mikono, akasimama mbele yake, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa peke yake malishoni. Aliimba ubeti.

Aliimba kwamba palikuwa na mwanamke aliyehesabu kila kitu, akaja kukosea hesabu mara moja, na mara hiyo ilikuwa yenye thamani kuliko zote. Kwamba woga ndio uliotikisa kichwa, kichwa chenyewe hakikutaka. Kwamba punda alikuwa ameshavuka mto, na mjinga mmoja akamtupia kamba. Mishororo saba ilipita, vitenzi vyote vimekaa vizuri, mkazo kila mmoja kwake. Wa nane akaufunga kwa kina kigumu kuliko vyote alivyowahi kusikia, kina ambacho Quintilio katika ujana wake asingethubutu, akamwachia Delfo.

Akangoja. Jikoni palisikika birika tu.

Delfo alikuwa amemkazia macho, mdomo wazi kidogo. Uso wake ulikuwa umechangamka kama zamani, na Fosca akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Una sauti nzuri, mama," Delfo alisema. "Mumeo anajua?"

Fosca aliachia ukingo wa meza. "Hajui."

"Mwambie basi. Atafurahi sana."

Akachukua kijiko mwenyewe, akarudi kwenye supu yake, na Fosca akakaa kwenye kiti cha pili akalia hadi supu ikapoa.